Je, tumedharauliwa? Vito vya nyuzi kutoka Senegali

Msomaji wa Mombasa anauliza: "Kaka yangu ameoa Dakar. Siku ya harusi, mama wa bibi harusi alimletea mama yangu zawadi ya kidani na vipuli vikubwa vya dhahabu, vimesukwa kwa nyuzi nyembamba kama lesi. Mama amevivaa kwa fahari karibu miaka minne. Juzi tumeona nyuma ya vipuli rangi imebadilika, mahali peupe na mahali peusi. Sonara akavisugua kwenye jiwe, akasema ni fedha iliyochovywa dhahabu. Sasa nyumbani maneno hayaishi, wengine wanasema tumedharauliwa. Je, tumepewa vitu vya bandia? Na vinasafishwaje bila kuharibika?"

Dada yangu, sonara wako amesema kweli, na yule mama wa Dakar hakuwadharau hata kidogo. Najua kwa masikio ya pwani mambo haya mawili ni magumu kuyaweka pamoja. Kwetu kito kilichochovywa huhesabiwa cha bandia, maana vingi vinavyouzwa hapa ni shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu kiwandani. Senegali kuna desturi nyingine: fundi hufuma kito chote kwa nyuzi za fedha safi, kwa mkono, halafu hukivika dhahabu kikiwa kimekamilika. Huko hiyo ni kazi ya heshima, huvaliwa na wanawake wa nyumba kubwa, na makumbusho huikusanya. Mwaka 2018 Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika la Smithsonian, mjini Washington, lilifungua maonesho mazima ya vito vya wanawake wa Senegali. Vilitokana na mkusanyiko wa mtafiti Marian Ashby Johnson, aliyeanza kuwafuata masonara wa nchi ile tangu miaka ya 1960. Vingi katika hivyo ni fedha iliyovikwa dhahabu, kama vya mama yako.

Nimeziangalia kwa makini picha ulizonitumia, hasa zile za upande wa nyuma. Kito cha nyuzi kichunguze nyuma kwanza, kwa sababu mbele fundi anaweza kuficha mambo. Ukipata kioo cha kukuza, hata kile cha kusomea dawa, tazama jani la katikati la kipuli. Utaona fremu ya uzi mnene kidogo, na ndani yake vizingo vidogo vilivyobanana, kila kimoja kikianzia katikati na kujizungusha hadi kigusane na jirani yake. Katikati ya vizingo kuna nafasi wazi, mwanga unapita. Havifanani sawasawa: kimoja kimebanwa zaidi, kingine kimeegemea pembeni. Hizo ni alama za mkono. Kito cha nyuzi kilichoigizwa kwa kumimina shaba kwenye kalibu hakina hayo. Nyuzi zake zimeungana chini kuwa bamba moja, nafasi zimezibika, na ukitazama vizuri uso wake una vipele vya mchanga. Vya mama yako viko wazi kotekote. Aliyevitengeneza anaijua kazi yake, tena anaijua vizuri.

Naomba nikueleze kazi hiyo hufanywaje, maana nimekaa kwenye karakana za Dakar nikitazama, na naamini ukiifahamu utakuwa na la kuwajibu wanaosema nyumbani.

Fundi huyeyusha fedha kwenye kikombe cha udongo, huimimina kwenye mfereji mdogo wa chuma, hupata kijiti. Hukifua kwa nyundo kwenye fuawe hadi kiwe chembamba cha kutosha kuingia kwenye bamba la chuma lenye matundu mengi, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Huchonga ncha, huipenyeza, huibana kwa koleo na kuvuta kwa nguvu za mwili mzima. Uzi ukipita matundu machache hukakamaa, na akilazimisha utakatika, kwa hiyo huurudisha motoni ulainike, kisha anaendelea kuvuta. Akiisha kupata unene anaoutaka huchukua nyuzi mbili, huzisokota pamoja, halafu huzilaza kwa nyundo nyepesi ziwe bapa. Hatua hiyo ndiyo siri ya mng'ao. Uzi uliosokotwa ukilazwa hubaki na meno madogo sana ubavuni, na kila jino hushika mwanga kivyake. Ndiyo maana kipuli cha nyuzi humeremeta hata mvaaji akiwa ametulia.

Vizingo hukunjwa kwa kibano na kupangwa ndani ya fremu, kavu, bila gundi ya maana. Juu yake hunyunyiziwa unga wa lehemu uliochanganywa na boraksi, chumvi inayosaidia lehemu kutiririka. Kisha huja moto. Hapo karakana yote hunyamaza, kwa sababu lehemu na nyuzi zenyewe huyeyuka kwenye joto linalokaribiana mno. Ukiondoa moto mapema, vizingo havishiki. Ukichelewa kidogo, kazi ya siku nzima inajikunja kuwa tone moja la fedha mbele ya macho yako. Fundi huzungusha mwali pembezoni kwanza, chuma na makaa yapate joto, halafu huuleta katikati na kuutoa mara tu anapoona lehemu inakimbia kati ya nyuzi. Nimeliona hilo mara nyingi na bado huwa nashika pumzi.

Zile punje za mviringo zilizopangwa kando ya vipuli vyenu hazikumiminwa. Fundi hukata vipande vifupi vya uzi, huvitawanya juu ya mkaa na kuvipulizia moto. Kila kipande kikiyeyuka hujikusanya chenyewe kuwa duara. Huziokota moja moja na kuzilehemu mahali pake. Mwisho kito huchemshwa kwenye tindikali hafifu kitoke weusi wa moto, na ndipo huvikwa dhahabu.

Wanaofanya kazi hii kwa Wawolofu, kabila kubwa la Senegali, ni watu wa koo za wahunzi, ambao ufundi wao hurithiwa baba kwa mwana, na kwa desturi walioana wao kwa wao. Mhunzi wa chuma na mfua dhahabu ni ndugu wa tabaka moja. Ukisikia jina la ukoo Thiam, mara nyingi asili yake ni huko. Wenzao wa aina hiyo wapo pia kwa Watukulor, Wasoninke na Wafulani.

Wala usidhani Wasenegali hawakuwa na dhahabu, wakaangukia fedha kwa umaskini. Mashapo ya dhahabu ya Bambuk, baina ya mto Senegal na mto Faleme, na yale ya Bure upande wa Guinea, ndiyo yaliyoitajirisha dola ya Ghana ya kale na baadaye Mali. Dhahabu aliyokwenda nayo Mansa Musa, mfalme wa Mali, katika hija yake ya mwaka 1324 ilitoka ukanda huo. Na dhahabu haikuishia kuuzwa ng'ambo ya Sahara, ilifuliwa palepale. Mwaka 1941 wachimbuaji walifukua kaburi la tuta huko Rao, karibu na Saint-Louis, wakakuta pambo la kifuani la dhahabu lenye upana wa sentimita 18 hivi na uzito wa gramu 191, limenakshiwa duara ndani ya duara. Liko Dakar, kwenye makumbusho ya IFAN, taasisi ya utafiti wa Afrika. Ukifika huko kwa wifi yako, nenda kalione kabla ya kwenda sokoni.

Wafaransa walijenga Saint-Louis mwaka 1659, na kwenye mji huo na kisiwa cha Gorée lilizuka kundi la wanawake wafanyabiashara walioitwa signare: wenye majumba, wenye mashua, wenye mikataba na Wazungu, na, lazima tuseme, wenye watumwa pia. Wao ndio waliowapa kazi kubwa wafua dhahabu wa karne ya 18 na ya 19. Siku za sherehe walitoka na wasichana watumwa waliovikwa vito vya bibi zao, ili mji uone mali iliyomo nyumbani. Uzuri wa vito hivyo na uchungu wa waliovibeba ni historia moja, na sipendi inaposimuliwa nusu. Mafundi wa Saint-Louis walichukua kutoka kwa Wamoori wa jangwani, kutoka Bahari ya Kati (Mediterania), kutoka kwa Wafaransa, na wakayafinyanga yote hadi yakawa yao. Mwishoni mwa karne ya 19 walipelekwa Paris kwenye maonesho makubwa, wakafua mbele ya watazamaji.

Basi fedha iliingiaje? Kwanza, ilikuwepo. Sarafu za fedha za biashara ziliyeyushwa ziwe vito, kama masonara wa pwani yetu na Oman walivyoyeyusha riale za Maria Theresa. Pili, fedha ni imara kwa kazi ya nyuzi na inastahimili kufuliwa. Tatu, na hili ndilo kubwa kwa miaka ya karibuni, bei. Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya Senegali, ilishushwa thamani kwa nusu. Faranga moja ya Kifaransa iliyokuwa ikipatikana kwa faranga 50 za CFA sasa ilidai 100. Dhahabu, ambayo bei yake hupangwa duniani, ikapanda maradufu kwa usiku mmoja mkononi mwa mama wa Dakar. Harusi hazikusimama kwa sababu hiyo, wala akika, wala Idi. Mwanamke wa Kisenegali anatakiwa ajitokeze amependeza kamili, kuanzia kilemba hadi viatu, na pambo la sikio liwe la kuonekana kutoka mbali. Kito cha ukubwa wa vipuli vya mama yako, kingefanywa kwa dhahabu tupu, kingekuwa bei ya kiwanja. Fundi yuleyule, kwa mikono ileile, hukifuma kwa fedha na kukivika dhahabu. Wenye uwezo huendelea kuweka dhahabu tupu ya karati 18 sandukuni kama akiba, na wakibanwa huiyeyusha. Ndiyo sababu vito vya kale vya dhahabu tupu ni adimu: vimeyeyushwa vikawa vito vipya kizazi baada ya kizazi. Kilichofumwa kwa fedha kina bahati moja, hakuna mwenye haraka ya kukiyeyusha.

Sasa kuhusu zawadi yenyewe. Katika ndoa za huko, upande wa bibi harusi huwatolea zawadi mama na dada za bwana harusi, na jambo hilo huchukuliwa kwa uzito hadi familia nyingine huingia madeni. Serikali ya Senegali ilitunga sheria mwaka 1967 ya kuzuia matumizi ya kupindukia katika sherehe za kifamilia, na watu wakaendelea vilevile. Mama wa Dakar aliyemkabidhi mama yako seti kamili ya kazi ya nyuzi amempa kile ambacho angempa mkwe wake mtukufu nyumbani kwake. Swali la kumuuliza mtu wa namna hiyo si gramu ngapi.

Ila kama moyo wako bado unataka uhakika kuwa ndani ni fedha na si shaba, usirudi kwenye jiwe. Kusugua kito kilichovikwa kunakwangua ngozi yake, na kila kipimo ni kidonda kipya. Mwambie sonara imetosha. Fanya hivi nyumbani. Pata mizani ndogo ya kidijitali inayosoma vipande vya gramu. Pima kidani kikiwa kikavu, andika uzito. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kidani kwa uzi mwembamba kizame chote bila kugusa kuta wala kitako cha glasi. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Ukipata karibu na 10.4, ni fedha ya kiwango kizuri. Dhahabu ya karati 18 ingekupa 15 na ushei. Shaba ya manjano itakupa 8 na nusu hivi. Kwa mfano, kidani cha gramu 42 cha fedha kitasoma kama 4 majini, cha shaba kitasoma karibu 5. Tone la sabuni kwenye maji ni lazima, kwa sababu kazi ya nyuzi huficha mapovu ya hewa kwenye vizingo na mapovu hukudanganya. Kitikise taratibu majini hadi yatoke yote ndipo usome. Kama kidani kina shanga au mawe, kipimo hiki hakifai. Tumia vipuli vitupu.

Rangi nyeusi uliyoiona ina maelezo mepesi. Mviko wa dhahabu ni mwembamba, na fedha iliyo chini yake, pamoja na shaba iliyomo kwenye lehemu, hupenya polepole na kukutana na jasho, chumvi ya bahari na hewa. Ndiyo maana weusi umeanzia kwenye maungio na sehemu inayogusa shingo. Weupe ni mahali dhahabu imelika kwa msuguano. Miaka minne ya kuvaliwa kwenye unyevu wa Mombasa, hali hiyo ni ya kawaida kabisa, wala haimaanishi kito kimeoza.

Kukisafisha: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini ya kuoshea vyombo, na mswaki laini wa mtoto. Kiloweke dakika chache, pitisha mswaki kwa kugonga-gonga, usisugue huku na huku, maana nywele za mswaki hunasa kwenye vizingo na kuvivuta. Suuza kwa maji safi mara kadhaa, kifute kwa kitambaa cha pamba kwa kukikandamiza, kisha kikaushe kwa feni au hewa baridi ya kikausha nywele. Maji yanayobaki ndani ya vizingo ndiyo yanayoleta weusi upya, usiharakishe hapo. Dawa ya meno, majivu, unga wa kusugulia sufuria, ndimu, ukwaju, siki: vyote viache. Jiki ndiyo mbaya kuliko vyote, hata mvuke wake. Na mama ajifukize udi na kujipaka marashi kwanza, vito viwe vya mwisho kuvaliwa na vya kwanza kuvuliwa. Vihifadhiwe kila kimoja kwenye kitambaa chake ndani ya mfuko usiopitisha hewa. Visilundikwe pamoja, kazi ya nyuzi hunasana na ukivuta unakata.

Kuhusu kuvirudishia dhahabu, inawezekana, na mimi ningevirudishia vipuli tu na kukiacha kidani kama hakijachakaa mbele. Lakini kuna mambo matatu ya kumbana nayo sonara kabla hujamwachia kitu.

La kwanza ni lehemu. Ikiwa kuna kizingo kilichoachia, kiungwe kwa lehemu ya fedha. Usikubali atumie lehemu ya bati na risasi, ile ya mafundi redio. Inashika haraka na inaonekana nadhifu, ila risasi ikishaingia kwenye kazi ya nyuzi, siku kito kikirudi motoni hula fedha na kutoboa. Nimeletewa vipande vizuri vilivyouawa namna hiyo na hakuna cha kufanya.

La pili, muulize unene wa dhahabu atakayoweka. Mviko wa haraka wa dukani mara nyingi haufiki nusu maikroni (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na utakwisha kabla ya Idi mbili. Omba maikroni mbili na nusu au zaidi, moja kwa moja juu ya fedha, bila kutanguliza nikeli, kwa sababu nikeli huwasha masikio ya watu wengi. Akikuambia atavika kwa zebaki kama zamani, chukua kito chako uondoke. Njia hiyo ilitumika kweli na ilidumu sana, lakini mvuke wake huua fundi polepole na watoto wa jirani yake pamoja naye.

La tatu, asipitishe kwenye mashine ya kung'arishia. Gurudumu lile likigusa nyuzi hulainisha meno niliyokueleza, na yakishalala mng'ao hauwezi kurudi tena hata uvike dhahabu unene gani.

Na thamani? Ukienda kuuza kwa uzito utapewa bei ya fedha chakavu, pesa kidogo sana, halafu viyeyushwe. Usikubali. Thamani yake iko kwenye kazi, na kazi hiyo hununuliwa na wakusanyaji na wanaoijua, hainunuliwi na mizani. Vipige picha mbele, nyuma na ubavuni, kwa mwanga wa dirishani, uziweke mahali salama.

Kisha mpigie wifi yako simu. Muulize mama yake alivifumisha kwa fundi gani. Nyumba nyingi za Dakar na Saint-Louis zina fundi wao ambaye baba yake alimfulia bibi wa nyumba hiyo, na uhusiano huo hudumu. Usimweleze habari ya jiwe la sonara. Mwambie mama amevivaa sana hadi vimepauka, na angependa fundi yuleyule avivike upya kaka yako atakapokwenda likizo. Akipata habari hiyo, naamini yule mama atafurahi, na karakana iliyovizaa itavikagua kila kizingo bila kuelekezwa.